Dimbwi Nililoapa Halivuji

Kwako Saumu binti Hamisi,

Barua huanza kwa kuuliza hali, lakini hali yako naijua. Umetoka hapa saa nane mchana pamoja na mamako kwenda Msambweni kumuaga bibi yako, umevaa buibui jipya, na mwavuli umeusahau mlangoni. Mimi nimebaki na kalamu, daftari lako la zamani la hesabu, na muda wa kutoka sasa mpaka mtakaporudi magharibi. Babako huyu, aliyezungumza na Wajerumani, Waitaliano na Mswisi mmoja kiziwi, kila mmoja kwa lugha yake, leo anaandika kwa sababu kuna neno limemkaa kooni na mdomo wake umekataa kulitoa. Usicheke. Haya, cheka kidogo, halafu usome.

Mambo ya safari sitayaandika. Usilale begi likiwa wazi, usile cha mtu usiyemjua ndani ya basi, piga simu kwa duka la Mwinyi ukifika: mamako ameshayasema hayo mpaka kuku wa nyumba hii wangeweza kusafiri peke yao hadi Machakos wakafika salama. Mimi nina jambo moja tu, nalo ni la dimbwi.

Tangu Ijumaa maji yameshuka vidole viwili. Unajua. Nilikuona Jumamosi asubuhi umesimama pembeni, unaitazama ile alama ya ukungu wa kijani ukutani, pale maji yalipokuwa yamefika. Uliinama, ukaigusa kwa kidole. Nikakuuliza, "Vipi, mwalimu?" Ukasema, "Hakuna kitu, Baba." Nikasema ni jua tu, mwezi huu jua lina hasira. Ukasema, "Ndiyo, Baba."

Hiyo "Ndiyo, Baba" imeninyima raha siku tatu.

Na viatu je? Vile vyeusi nilivyokununulia Ukunda, nikavisifia njia nzima kuwa ni ngozi ya Italia. Ulivivaa mbele yangu ukasema vimekutosha. Jana nimeona kitambaa ulichofunga kisigino. Saumu, mtu anatokwa na damu na bado anasema ndiyo, Baba! Huyo si mtoto mtiifu. Huyo ni mtoto aliyekata tamaa ya kumwambia babake jambo. Na mimi najua ulikata tamaa siku gani, kwa sababu nilikuwepo, na aliyekukatisha ni mimi.

Nianze pale ninapopapenda, ninapojisifu, halafu nitateremka taratibu.

Unajua nilivyolijenga dimbwi hili. Nilifanya kazi ya bustani miaka kumi na minne kwenye hoteli na majumba ya Diani, na kila nilipokuwa nikisafisha madimbwi ya watu, yenye samaki wekundu na mayungiyungi, nilisema moyoni: hata mimi nina uwanja nyuma ya nyumba. Mamako aliomba paa la jiko. Nikampa dimbwi. Hatua nne kwa tatu, kina cha kiuno, mawe ya matumbawe niliyoyachagua moja moja kama mtu anayechagua maembe ya kupeleka ukweni. Upande wa uzio wa michongoma, tunapopakana na Musyoka, ardhi iko juu. Upande wa migombani inateremka, hata ukuta ukasimama wazi kama wa nyumba. Nikatia perege kumi na wanane na mayungiyungi. Watu walikuja kutoka Ukunda kuliangalia. Mzee mmoja akaniuliza, "Hamisi, hili ni la kutawadhia?" Nikamjibu, "Hili, mzee wangu, ni la kutazama." Akaondoka akitikisa kichwa. Katika mtaa ambao akina mama wanapanga foleni na mitungi, hakuna aliyewahi kusikia maji ya kutazama.

Kiangazi cha mwaka wa tisini na saba, ulipokuwa kidato cha tatu, maji yakaanza kushuka. Shubiri nzima kwa siku mbili. Nikajaza, yakashuka. Nikajaza tena, yakashuka tena. Perege wakawa wanakuja juu kutafuta hewa, midomo wazi, kama watu wanaoitikia dua. Nikasema ni jua. Nani angenibishia? Mimi ndiye niliyekuwa nimejenga madimbwi ya Wajerumani. Kusema kweli nilikuwa nimeyafagia tu, lakini mtaa haukujua tofauti.

Halafu nikaziona zile sukumawiki.

Ng'ambo ya uzio, kwa Musyoka, kila kitu kilikuwa kimekauka, ila mstari mmoja wa sukumawiki ubavuni mwa michongoma. Majani mapana, kijani cha kuchukiza. Musyoka mwenyewe unamjua: mkulima aliyetoka bara akapata shamba hapa skimuni, kwenye mashamba ya kugawiwa na serikali, Mkristo wa kanisa la mabati, na mtu wa maneno machache, jambo ambalo kwangu mimi lilikuwa tayari ni kosa. Nikamwita pale penye mwanya wa uzio.

"Jirani, sukuma zako zinakunywa maji ya nani?"

"Zinakunywa tu, Hamisi. Hata mimi nashangaa."

"Mimi sishangai."

Akaweka jembe chini. "Unasema mimi niko mwizi?"

"Nimesema sishangai."

Akaokota jembe lake akaendelea kulima. Nikajiambia: hajajibu, ni mwizi. Mimi mtu asiponijibu huwa nafikiri nimeshinda.

Ile chupa uliiona nikiitengeneza. Chupa ya bia kutoka hotelini, maji ya bahari, makapi ya kahawa, kipande cha mkaa, na shingoni tai nyekundu ya weita niliyoiokota kwenye kapu la nguo mbovu. Nilikuwa nikiitikisa ulipotokea.

"Baba, hiyo ni dawa gani?"

"Dawa ya wezi."

"Nani kakupa?"

"Nimejipa. Inatisha tu, haina kitu."

Ukauliza, "Na ikimtisha asiyeiba?"

Nikakwambia nenda kasome.

Nikaisimika chupa kwenye kijiti, pale pale penye mwanya, tai ikipepea. Hapa kwetu hakuna asiyejua maana ya chupa na kitambaa chekundu pembeni ya shamba: anayevuka, tumbo litamvimba. Hata Musyoka na mkewe, walioipata habari hiyo ukubwani, waliiogopa kuliko sisi tuliozaliwa nayo. Mama Mutheu, huyo mkewe, aliyekuwa akitupitishia penye mwanya ule ule bakuli la muthokoi, chakula cha kwao cha mahindi na maharage, hakuja tena. Mahindi yake matamu yalikwisha mezani kwetu, na mimi nikasema, mnaona? Dawa imefanya kazi, mwizi amekaa mbali.

Hapo ndipo ulipoleta ndoo yako. Ulijaza ndoo, ukaiweka kwenye ngazi ya dimbwi, juani sawa na dimbwi lenyewe, ukachora alama za mkaa, moja ndani ya ndoo, moja ukutani. Siku ya pili Ijumaa, tulipotoka msikitini, nilikuwa nimekaa barazani na wenzangu wawili wa hotelini, Juma na Kassim, nikiwasimulia habari za Mswisi kiziwi. Ukaja, ukaamkia shikamoo vizuri, ukasema, "Baba, maji ya ndoo yameshuka ukucha mmoja. Ya dimbwi yameshuka shubiri. Jua ni moja. Dimbwi linavuja."

Maneno yalikuwa mafupi na ya kweli, tena ya adabu. Na mimi nikasema wallahi, dimbwi langu halivuji. Niliapa, Saumu, maji ya udhu yakiwa bado hayajakauka mikononi. Kassim akasema, "Lakini binti kapima, Hamisi." Nikaona uso wangu unashuka mbele za watu, basi nikafanya ninachokifanya siku zote. Nikacheka. Nikasema, "Tulimpeleka sekondari akasome, karudi Injinia wa Ndoo! Kesho atapima mate yangu!"

Walicheka mpaka Juma akamwaga chai. Wewe ukatazama vidole vyako vya miguu. Jina likatoka barazani likafika dukani kabla yako. Nilisikia vijana wakikuita, "Injinia wa Ndoo, tupimie soda!" Nilisikia, na, Mungu anisamehe, nilijisikia vizuri kwamba utani wangu umesafiri.

Kuna jambo lingine la siku ile ambalo hulijui, nalo nitalisema mbele. Ngoja nipate nguvu.

Wiki moja baadaye, Jumamosi, Musyoka alikuwa akichimba shimo la choo ng'ambo ya uzio, hatua nne tu kutoka kwenye dimbwi. Angelichimba mbali zaidi, lakini ardhi ya kule ni mawe. Alikuwa amefika kina cha watu wawili. Yeye chini na sururu, mkewe juu akivuta mchanga kwa ndoo na kamba. Mama Mutheu alinisimulia baadaye kuwa siku mbili nzima alikuwa akiona ukuta wa shimo, upande wetu, umekuwa mweusi kwa unyevu. Alitaka kuja kuuliza. Alifika hadi penye mwanya, akaiona chupa, akarudi.

Mimi nilikuwa nikipogoa mboganvilia. Ulipita mbele yangu, hatua kumi, unakwenda haraka. Ulikuwa umechungulia juu ya uzio ukaona ukuta ule. Ulipita, hukuniambia kitu. Nimeifikiria sana hiyo. Mtu yuko shimoni, ardhi inalowa, baba yako yuko hatua kumi, na wewe ukaona afadhali uende peke yako kumwonya kuliko kusimama mbele yangu na neno "linavuja" kwa mara ya pili.

Kijiti cha chupa kilikuwa kimeziba mwanya. Ukaking'oa, ukavuka nacho mkononi. Ulijua ni maji ya bahari na kahawa. Mama Mutheu hakujua. Alichoona ni binti wa Hamisi anamjia na chupa yenye kitambaa chekundu. Akapiga yowe, akaachia kamba, akamkwapua mwanawe Mutheu akakimbia. Kamba yote ikaanguka shimoni.

Na yowe lile ndilo lililonileta mimi. Nilipofika uzioni nikasikia sauti ambayo sijawahi kuisikia kabla wala baada: ardhi kama inameza mate. Ukuta wa upande wetu ulimeguka. Nikachungulia. Musyoka alikuwa amezikwa hadi kiunoni, mikono juu, na kutoka ukutani, juu ya kichwa chake, maji yalikuwa yakitoka taratibu, maji safi. Kulikuwa na kipande cha jani la yungiyungi ndani yake. Lilishuka likamkalia begani.

Hakupiga kelele. Alisema tu, "Hamisi. Ni maji yako."

Ulikuwa umesharudi upande wetu. Ulikuwa umesimama migombani, kwenye ule ukuta ulio wazi, na mtaimbo mkononi. Ulikuwa umeona kabla yangu kwamba maji yasipotolewa upande ule, yataendelea kuja shimoni. Ukaniita, "Baba! Nilivunje?"

Nami nikasema, "Ngoja."

Haya, nimeandika. Hilo ndilo neno lenyewe.

Kisa hiki wewe umenisikia nikikisimulia mara nyingi, arusini, msibani, hata kwa kondakta wa basi. Namna ninavyokisimulia, kutoka kwenye yowe naruka moja kwa moja hadi kwenye chupa, pale ninapokuwa shujaa. Neno "ngoja" halimo. Watu wawili tu duniani wanajua kuwa lilisemwa. Mmoja ni mimi, na mwingine ameniamkia asubuhi shikamoo miaka miwili bila kunikumbusha hata siku moja.

Ndani ya hiyo "ngoja" kulikuwa na nini? Nimeipekua. Kulikuwa na perege wangu kumi na wanane. Kulikuwa na wallahi niliyoapa mbele ya Juma na Kassim. Nilikuwa nawaza, ukuta ukivunjika kila mtu atajua. Mtu amezikwa hadi kiunoni na mimi nalinda sifa. Pumzi tatu, labda nne. Ndani ya pumzi hizo ardhi ikameguka tena, na Musyoka akazikwa hadi kifuani. Unajua ule mguu wake wa kushoto anaouburuta siku za mvua? Watu husema ni shimo lililomvunja. Shimo lilimshika tu. Lililomvunja ni lile pande la pili, nalo liliingia wakati wewe unaningoja mimi.

Hukungoja, Alhamdulillahi. Ulinitazama, uso wako ukajifunga kama mlango, ukaupiga ukuta. Mara ya nne au ya tano jiwe likatoka na maji yakaruka migombani, samaki wakipiga mikia kwenye majani makavu. Kutoka siku hiyo mpaka leo hujaniuliza tena "nilivunje?" kwa jambo lolote. Umekuwa ukisema ndiyo, halafu unafanya unachojua wewe, au unatoka damu kisigino.

Sehemu iliyobaki ndiyo ninayoisimulia vizuri. Watu walikuja kwa yowe, wanaume saba, na wote wakasimama barabarani kwa sababu chupa ilikuwa imeanguka ukingoni mwa shimo, tai imetandazwa. Nikawapigia kelele, "Njooni na kamba! Njooni!" Mmoja akasema, "Hamisi, toa kwanza dawa yako." Nikasema si dawa, ni uongo, ni chupa ya bia. Nani amwamini Hamisi? Miaka yote nimewadanganya kwa kucheka, siku nilipolia hawakuona tofauti. Basi nikaiokota, nikang'oa kizibo, nikainywa. Bahari na kahawa na mkaa, vyote mpaka chini. Nikasema kwa sauti ambayo ilifika msikitini, "Hakuna dawa! Hakuna mwizi! Dimbwi langu linavuja!" Nikatapika palepale, na wao wakaja mbio. Tukamtoa Musyoka kwa kamba mbili na sahani za jikoni, maana majembe tuliogopa yangemkata.

Kila mtu hucheka hapo nilipotapika. Mimi pia hucheka. Lakini sasa unajua ni kwa nini hucheka kwa nguvu kuliko wote.

Majuma matatu baadaye tulilitengeneza dimbwi, na hapa lipo lile jambo nililokuahidi. Tulijenga kwanza ukuta ulioubomoa. Musyoka akaja na gongo lake, akaketi juu ya debe, akaniona nikikoroga mchanga wa pwani. Akasema, "Hamisi, huo mchanga uko na chumvi. Simiti itakufa." Nikaanza kumweleza kuhusu Wajerumani. Akasema, "Wewe unaongea mingi. Chukua mchanga wangu wa mto." Tukauosha mchanga wa mto mara tatu, tukajenga, tukapiga niru ya simiti, tukafunika magunia, ukayamwagia maji asubuhi na jioni siku kumi na nne bila kuruka, kabla na baada ya shule. Kisha tukajaza maji ili kutafuta tundu lenyewe.

Ulifunga buluu ya kufulia kwenye kitambaa, ukaifunga kwenye fito, ukaitumbukiza taratibu kando ya ukuta, ukitembea. Ulituambia tusitikise maji. Hata Musyoka alizuia kikohozi. Buluu ilitanda tu, ikatanda, ikatanda, mpaka ulipofika kwenye lile jiwe kubwa la pambo upande wa uzio. Hapo ikajinyoosha ikawa uzi mmoja mwembamba, ukaingia chini ya jiwe kama nyoka anayejua kwake. Tukaliondoa jiwe. Nyuma yake kulikuwa na bomba la kutolea maji, na kuizunguka shingo yake kulikuwa na nafasi ya kupitisha kidole.

Mimi nikasema, "Kumbe!" Nikashika kichwa kama mtu aliyeshtuka.

Sikushtuka, Saumu. Nilijua tangu siku ya kwanza. Bomba lile nililiweka siku nne kabla ya Idi, nikiwa na wageni walioalikwa kuja kuona maji. Sikulisindilia simiti pande zote, nililipaka juu juu, nikajaza maji siku ya tatu ikiwa bado mbichi. Na jiwe lile la pambo, ambalo kila mgeni alilisifia, nililiweka ili pasionekane. Kwa hiyo ulipokuja barazani na ukucha wako na shubiri yako, hukunikuta mtu asiyejua. Ulinikuta mtu anayejua, ambaye mwanawe amemfikia karibu sana na jiwe lake. Ndiyo maana nilikucheka vile. Mtu ambaye hana la kuficha humcheka mtoto kidogo tu.

Tulipachimba kwa patasi mpaka pakawa pana, maana ufa ukiupaka juu unarudi. Tukasafisha, tukalowesha, tukasindilia simiti kwa kijiti mpaka nyuma kabisa ya bomba. Mkono wako mdogo ndio uliofika. Kisha magunia tena.

Mwaka ule ule, zilipokuja zile siku mbaya za kuwafukuza watu wa bara, unakumbuka ni nani walilala chumbani kwako siku kumi na moja, na wewe ukalala jikoni na mamako. Hilo sijisifii, wala hunisikii nikilisimulia kwa makondakta. Nilipokuwa nimekaa mlangoni na panga, nilichokuwa nikikiona ni tai nyekundu. Niliwaza: ningekuwa sijainywa ile chupa, ningekuwa bado nasema jirani ni mwizi, nani angehitaji sababu nyingine? Siku ya kumi na mbili Mama Mutheu alirudi kwake, na jioni bakuli la muthokoi likapita penye mwanya. Mamako alilia juu ya lile bakuli. Mimi nilisema chumvi imepungua.

Sasa unakwenda chuoni kusomea ualimu. Mimi niliishia darasa la sita kwa sababu ya mwalimu mmoja na mkia wake wa taa, yule samaki, aliotuchapia, kwa hiyo sina la kukufundisha kuhusu darasa. Lakini najua siku moja mtoto atasimama mbele yako na ndoo, na wenzako watakuwa wamekaa wanakutazama, na utasikia utani mzuri sana unakuja mdomoni. Utakuwa utani wangu huo. Umeurithi, nimekusikia ukimchekesha mamako.

Viatu nimevirudisha asubuhi, nimechukua namba inayofuata, vinakungoja chumbani kwako. Muuzaji alisema si ngozi ya Italia, ni ya Thika. Nilimwambia najua.

Kesho saa mbili watakuja ami zako kukuaga, na Juma, na Kassim, na Musyoka na mkewe. Nimejaza dimbwi hadi kwenye ukungu wa kijani. Nimeweka ndoo kwenye ngazi, nimechora alama za mkaa mahali pale pale ulipochora wewe. Sitaenda kuangalia. Nitakapowaona wote wamekusanyika barazani, nitasema kwa sauti yangu ile ile, "Jua la mwezi huu! Lakini dimbwi la Hamisi, wallahi, halivuji." Nasema mapema ili usidhani nimerukwa na akili. Nitasema, kisha nitanyamaza, jambo ambalo litawashtua wote.

Wewe utakuwa umepita dimbwini alfajiri. Kama ndoo na dimbwi viko sawa, sema viko sawa. Kama haviko sawa, niambie mbele yao wote, kwa sauti, kama ulivyosema siku ile. Wakicheka, watakuwa wananicheka mimi. Lakini usiniambie "Ndiyo, Baba" ukapanda basi. Machakos ni mbali, na nikibaki hapa na "ndiyo" hiyo nitakuwa mtu asiye na wa kumwambia ukweli katika nyumba nzima, maana mamako aliacha zamani.

Basi likiondoka saa nne, tuna saa mbili. Zinatosha kukitafuta kitundu, ukinishikia buluu. Patasi nimeshainoa. Iko chini ya ngazi, upande wa ndoo.

Naona nyote wawili mnakuja barabarani. Umebeba viatu vyako vya shule mkononi, na kitambaa cha kisigino kiko wazi.

Babako,
Hamisi